Kibumba: Wiki mbili za kumlinda mbwa anayelinda nyumba

KIBUMBA, eneo la Nyiragongo – Katika vijiji vya Kibumba, mbwa hana kitanda wala sahani yake. Analala nje karibu na mlango wa jikoni, anakula mabaki ya bugali na mchuzi wa maharagi, na kazi yake inajulikana: kubweka usiku mtu akikanyaga shamba la viazi. Akiugua, mara nyingi anaachwa apone mwenyewe ao afe. Ndiyo maana majirani walicheka waliposikia kwamba familia moja, iliyorudi kutoka kambi ya wahami ya Kanyaruchinya, imemfanyia mbwa wake operesheni, na kwamba mama wa nyumba ile anaamka usiku kumwangalia kama mtu mwenye mtoto mchanga.

"Mnatibu mbwa, na watu hawajapata dawa?" jirani mmoja aliuliza.

Mama hakukasirika. "Huyu akikosa, usiku nani atatubwekea? Wewe?"

Swali la jirani si la bure. Watu wa Kibumba wamepoteza mengi, na kila franka ina kazi yake. Lakini jibu la mama nalo lina uzito, na kwa kulielewa ni lazima kujua mbwa huyu alitoka wapi.

Mwishoni mwa mwaka 2022, vita ilipofika Kibumba, maelfu ya wakaaji walishuka kwa miguu kwenye barabara ya taifa namba 2 kuelekea Goma. Wengi walisimama Kanyaruchinya, wakajenga vibanda vya shitingi juu ya makoro. Walibeba magodoro, masufuria, bidoni na watoto. Mbwa hawakubebwa. Waliobaki vijijini walijitafutia chakula, wakazaana, wakatembea kwa makundi. Familia ziliporudi, nyingine kidogo kidogo, nyingine mwanzoni mwa 2025 wakati kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, zilikuta mashamba yamekuwa pori na mbwa wasio na mwenyewe wanazunguka kwenye nyumba zisizo na milango. Bobi ni mtoto wa mbwa hao. Watoto wa familia hii walimkuta chini ya mabati yaliyoanguka, mdogo, macho yamefunguka juzi tu.

Alikua vizuri. Alijifunza sauti za watu wa nyumba, akajifunza mpaka wa shamba. Lakini alipokomaa, shida ikaanza. Mbwa jike akiwa kwenye joto hata kijiji cha pili, Bobi anakata kamba na kupotea siku mbili, siku tatu. Anarudi anachechemea, sikio limepasuka, ana njaa. Katika moja ya safari hizo mbuzi wa familia aliibwa, na hakuna aliyesikia kitu. Hasara ya mbuzi ilimuuma baba. Mama aliogopa kitu kingine: vidonda vya meno. Hakuna aliyejua ni mbwa gani aliyemuuma Bobi, na Bobi analambwa na kushikwa na watoto wanne kila siku.

Hofu hiyo ina msingi. Kichaa cha mbwa kinapita kwenye mate ya mnyama mgonjwa, hasa kwa kuumwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa inayoponyesha. Karibu kila mtu anayekufa kwa ugonjwa huu duniani ameupata kwa mbwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kila mwaka, vingi katika Afrika na Asia. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa na ndio wanaoficha kwamba wameumwa.

Veterineri alikuja Kibumba kwa ajili ya ng'ombe wa jirani. Mama alimfuata, akamweleza. Daktari alisema maneno mawili ya wazi. La kwanza: kuhasi mbwa hakuzuii kichaa, kinachozuia ni chanjo, na chanjo inarudiwa kwa tarehe ambayo veterineri ameandika kwenye karatasi. La pili: mbwa dume akitolewa korodani, hamu ya kufuata majike na kupigana inapungua, kwa hiyo anabaki nyumbani zaidi na kuumwa kidogo zaidi. Vitu hivyo viwili vinasaidiana.

Baba hakukubali haraka. "Docta, ukimtoa hizo, atanenepa na kulala kama paka. Mlinzi gani huyo?"

"Papa, sauti haitokei huko chini," daktari alijibu, na wanaume waliosimama pale wakacheka. Akaeleza kwamba kulinda kunatoka kwenye masikio, pua na mazoea ya nyumba. Kunenepa kunatoka kwenye chakula kingi na kukosa mwendo. Malipo yalikuwa nusu gunia ya viazi na pesa kidogo ya dawa.

Operesheni ilifanyika juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye makoro, kivulini. Bobi hakuwa amekula tangu jioni, kwa sababu mnyama mwenye tumbo lililojaa anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Alichanjwa, akachomwa sindano ya usingizi na ya kupunguza maumivu. Hii ni tofauti kubwa na desturi ambayo bado inaonekana hapa na pale, ya vijana kumfunga mbwa na kumkata kwa wembe akiwa macho. Kazi ilipoisha, daktari aliacha vidonge vichache, maagizo na namba ya simu, kisha akapanda moto kurudi Goma kabla ya giza. Kuanzia hapo, uponyaji ulikuwa kazi ya nyumba.

Usiku wa kwanza

Kibumba ni baridi. Kijiji kiko kwenye miteremko kati ya Mikeno na Nyiragongo, na usiku ukungu unashuka mpaka mlangoni. Mbwa aliyetoka kwenye dawa ya usingizi hawezi kulinda joto la mwili wake. Mama alimlaza ndani, juu ya gunia lililojazwa majani makavu, akamfunika blanketi ya zamani ya kambini. Hakumweka karibu na moto, kwa sababu mnyama aliyelewa dawa anaweza kuungua bila kusikia.

Bobi alitetemeka, akalia kwa sauti ndogo, akajaribu kusimama na kuanguka. Koko alitaka kumpa uji. Mama alikataa: asiyeamka vizuri anaweza kunyongwa na chakula. Alipoweza kusimama mwenyewe, alipewa maji kidogo, na baadaye bugali kiasi cha nusu ya kawaida. Watoto walikatazwa kumkumbatia. Mbwa mwenye maumivu, akizinduka ghafla, anaweza kumuuma hata anayempenda.

Kola ya bidoni

Kesho yake Bobi alikumbuka kwamba ana kidonda, akataka kukilamba. Watu wengi wanasema mate ya mbwa ni dawa. Si kweli kwa mshono. Ulimi wake ni mkwaruzo, kinywa chake kina vijidudu, na meno yake yanaweza kukata nyuzi kwa dakika moja. Mishono mingi inayofunguka nyumbani inafunguliwa na mbwa mwenyewe.

Mjini Goma kola za plastiki zinaweza kupatikana kwa veterineri. Kibumba, kijana wa kwanza wa nyumba alichukua bidoni ya mafuta ya litri tano, akaikata chini na juu, akatoboa matundu pembeni, akaifunga kwenye ukanda wa shingo. Makali aliyazungushia kipande cha mpira wa ndani wa tairi ili yasikate ngozi. Kipimo kilikuwa hiki: kola ipite pua ya mbwa, na kati yake na shingo viingie vidole viwili. Siku ya kwanza Bobi aligonga kila kitu, sufuria, mlango, miguu ya koko. Siku ya pili alizoea. Chakula chake kiliwekwa juu ya jiwe ili aweze kukifikia bila kuvuliwa kola.

Ya dawa na ya maji

Mjomba alikuja na vidonge vya ibuprofeni kutoka farmasi. Alikuwa na nia njema. Mama alipiga simu kwanza, na jibu likawa hapana. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wanazimeza kwa mgongo na meno, zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli nayo haipewi kwa kukisia. Kwa mbwa inaweza kuwa sumu, na kwa paka inaua. Bobi alipewa vidonge vilivyoachwa na daktari tu, baada ya chakula, kwa siku zilizoandikwa.

Wengine walileta mashauri mengine: chumvi, majivu, petroli, unga wa betri. Kila kimoja kinachoma nyama inayojaribu kujifunga. Mshono unahitaji mambo mawili tu, ukavu na usafi. Hakuna kuoga, hakuna kulala kwenye matope, kwa siku kumi hadi kumi na nne. Majani ya kulalia yalibadilishwa kila siku na nzi wakafukuzwa, maana nzi akitaga kwenye kidonda, funza wanaanza kula ndani.

Hapa shida kubwa ya Kibumba ilikaa pembeni kidogo. Ardhi ya volkano inameza maji, na familia nyingi zinategemea mvua inayotoka kwenye mabati na kuhifadhiwa kwenye sitani na bidoni. Kidonda cha Bobi hakikudai maji. Lakini mama alitenga bidoni moja ya litri ishirini na kipande cha sabuni, akaviweka pembeni, akawaambia watoto visiguswe. Vilikuwa kwa ajili ya mtu atakayeumwa, na Bobi au na mbwa mwingine yeyote. Kidonda cha meno ya mbwa kinaoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayomiminika, dakika 15 kamili, kisha mtu anakimbizwa kwenye kituo cha afya kuuliza chanjo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa anaonekana mzima.

Usiku wa nne

Mbwa aliyehasiwa anaonekana amepona kabla hajapona. Siku ya tatu Bobi alikula vizuri na kutikisa mkia. Baba aliona hakuna sababu ya kuendelea kumfungia ndani wakati viazi vinakaribia kuvunwa na watu wanazunguka usiku. Mama alisema daktari ametaja wiki mbili. Wakakubaliana nusu nusu: afungwe nje kwa kamba fupi, chini ya paa la jikoni.

Usiku wa nne mtu aliingia shambani. Bobi alisikia. Aliruka, kamba ikakatika, akakimbia mpaka kwenye ua wa miti akibweka, na kola ikapasuka. Asubuhi familia ilikuta hasara mbili. Mistari miwili ya viazi ilikuwa imechimbwa. Na Bobi alikuwa amelala, mfuko wa korodani umevimba kama yai la kuku, mwekundu, uzi mmoja umelegea.

Mama alipanda kilimani kutafuta mtandao, akatuma picha, akapiga. Daktari aliuliza maswali, moja moja. Damu inadondoka? Hapana. Kuna usaha ao harufu? Hapana. Ukiinua mdomo, fizi ni za waridi ao zimekuwa nyeupe? Ni za waridi. Amekula? Amekula. Anakojoa? Ndiyo. Mshono umefunguka ukaona ndani? Hapana, uzi mmoja tu umelegea.

Basi, daktari akasema, ni uvimbe wa kukimbia. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki ili kisilowanishe kidonda, kisha kishikwe pale kwa dakika kumi, mara tatu ao nne kwa siku. Maji ya asubuhi ya Kibumba yanatosha ubaridi. Kola mpya itengenezwe leo, na asikimbie tena. Lakini akaongeza: uvimbe ukizidi kukua mpaka jioni, damu ikidondoka bila kukoma, usaha ukitoka, mshono ukifunguka, fizi zikiwa nyeupe, ao akikataa chakula siku nzima, msingoje kesho. Mtafute moto, mmlete Goma.

Nauli hiyo familia haikuwa nayo. Siku ile waliihesabu mara mbili, wakajua nani wangemkopa. Jioni uvimbe ulikuwa umebaki vilevile, kesho yake ukapungua.

Swali la shamba lilibaki. Baba hakulijibu kwa maneno. Usiku ule alichukua tochi na koti, akaketi kwenye kiti kidogo chini ya paa la jikoni, pale Bobi alipokuwa anafungwa. Bobi alilala ndani kwenye gunia lake. Usiku kumi mfululizo baba alilinda mahali pa mbwa. Alijua sasa usiku una urefu gani, na ni mara ngapi kitu kinasogea kwenye majani ya viazi: panya, mbuzi wa jirani, upepo, na mara moja miguu ya mtu iliyogeuka ilipoona mwanga.

"Kumbe huyu anafanya kazi," alimwambia mke wake asubuhi moja, macho mekundu.

Ni maneno machache, lakini yalimaliza mzozo wa nyumba ile. Hakuna aliyeuliza tena kwa nini mbwa anabadilishiwa majani.

Baada ya nyuzi kutoka

Siku ya kumi na nne, daktari alipopita tena kwa ng'ombe wa jirani, alitoa nyuzi. Kidonda kilikuwa mstari mwembamba, mkavu. Alikumbusha mambo matatu. Mbegu zinaweza kubaki mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo Bobi asiachwe na majike kwa mwezi mzima na zaidi. Chakula kipunguzwe kidogo akianza kunenepa. Na tarehe ya kurudia chanjo iandikwe mahali ambapo haitapotea. Mama aliiandika ndani ya mlango kwa kaa la moto.

Jambo hili linapita ua wa nyumba moja. Kibumba inapakana na Hifadhi ya Virunga, na juu ya Mikeno wanaishi sokwe wa milimani. Mbwa anayezurura anaingia porini, na magonjwa yake yanaingia naye. Katika nchi ya jirani ya Tanzania, mwaka 1994, ugonjwa wa virusi unaoitwa distempa, ambao mbwa wa kufugwa wanaubeba, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, karibu simba 1,000. Mbwa aliyechanjwa na anayekaa kwake ni faida kwa watoto wa kijiji, kwa mbuzi wa kijiji, na kwa wanyama wa hifadhi.

Kwa familia ambazo bado ziko chini ya shitingi, ao ambazo zimepangishiwa chumba kimoja Goma, kuna ukweli wa kuambiana. Operesheni inadai wiki mbili mahali pamoja, pakavu, na mtu wa kuangalia kidonda asubuhi na jioni. Asiye na hayo asione haya kungoja. Chanjo haingoji hivyo: inachukua dakika moja, mbwa anaweza kuipata akiwa na miezi mitatu, na hata familia inayoweza kuhama kesho inaweza kuitafuta leo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupiga vita kichaa cha mbwa. Ni wakati mzuri wa kuuliza kwa veterineri ao kwa chefu wa kijiji kama kuna chanjo inayopangwa.

Viazi vya mistari miwili havikurudi. Gunia la nusu lililolipwa nalo lilisikika mwishoni mwa mwezi, chungu kilipokuwa chepesi. Familia haijifichi kwamba gharama ilikuwa kubwa. Lakini tangu hapo Bobi hajakata kamba kufuata jike, masikio yake yamepona, na mtu akipita karibu na shamba usiku, Kibumba nzima inajua.

Bidoni ile ya litri ishirini bado iko pembeni ya mlango, na sabuni juu yake. Haijaguswa. Mama anabadilisha maji yake kila mvua inaponyesha, na anaomba yasije yakahitajika.